Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Saa saba mchana, duka la fotokopi lililo chini ya jengo la studio halina hata pa kuweka mguu. Wanafunzi na vitini vyao, makarani na barua zao, mzee mmoja na cheti cha kuzaliwa alichokishika kama yai, wote wanagombea mashine mbili, na moja kati ya hizo mbili ni mgonjwa wa siku zote. Katika msongamano huo aliingia mwanamke wa miaka thelathini na mbili, amevaa blauzi ya kijani na sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka, faili nene amelikumbatia kifuani, na uso wa mtu asiyependa mzigo wake uguswe.

Kazi yake ilikuwa kukumbuka. Watazamaji wakiketi mbele ya televisheni hudhani tamthilia hupigwa picha kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama maji yatokavyo bombani. Thubutu! Leo hupigwa kifo cha shujaa kwa sababu hospitali imepatikana, kesho kutwa harusi yake, na wiki ya mwisho kabisa ndipo anapozaliwa. Sasa, kama shujaa aliingia mlangoni Jumatatu na glasi mkono wa kulia, akatokea upande wa pili wa mlango huo Alhamisi, lazima awepo mtu anayejua kwamba ulikuwa mkono wa kulia na juisi ilikuwa nusu. Mtu huyo ni mtunza mwendelezo. Wenzake walimwita Mama Vifungo, tangu siku aliposimamisha kamera na watu arobaini kwa sababu ya kifungo kimoja cha mkono wa shati.

Kumbukumbu hiyo haikuishia kazini. Aliwahi kuwa na mchumba. Mchumba akasimulia kisa kimoja kwa namna mbili, mara ya kwanza gari liliharibika asubuhi, mara ya pili likaharibika jioni, na uchumba ukaishia hapo. Mama yake mzazi alikuwa hajamsamehe bado.

Basi alipofungua faili juu ya kaunta, mwenye duka akawasha feni, na karatasi mia moja na arobaini zikaruka. Zilitua mabegani mwa wanafunzi, chini ya mashine, juu ya cheti cha yule mzee. Mama Vifungo alipiga magoti bila kujali sketi. Alipoinua kichwa aliona mwanamume amechuchumaa mbele yake, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, kalamu imevujia mfukoni ikaacha doa, tayari ameshika rundo zima na anazipanga.

“Dada, zinaanzia namba ngapi?”

“Moja. Kila kitu kinaanzia moja.”

“Bahati yao. Mambo yangu mimi huanzia katikati.”

Juu ya kila karatasi palikuwa na namba kubwa ya wino mweusi, nayo ilikuwa siku ya kupiga picha: siku ya kwanza, ya pili, hadi ya arobaini na moja. Chini pembeni palikuwa na namba nyingine ndogo, ya penseli ya bluu mpauko, iliyoonyesha mahali pa onyesho hilo katika hadithi yenyewe. Mwanamume alizipanga kwa zile kubwa, na hakukosea, maana ndivyo zilivyokaa katika faili. Lakini alikuwa anazisoma pia, mwizi huyu. Alitaka kujua ni lifti gani hiyo inayosimama kwenye mwaka badala ya ghorofa. Mama Vifungo akamnyang'anya. Mwanamume akatazama karatasi aliyokuja nayo yeye, akatazama faili, akaanza kucheka peke yake.

Karatasi yake ilikuwa mkataba. Kampuni iliyo ghorofa ya nne ilikuwa imempa kazi ya kuigeuza tamthilia yao mpya kuwa riwaya, itoke wiki moja na kipindi cha kwanza. Tamthilia yenyewe iliitwa *Lifti ya Jana*, na ndiyo iliyokuwa imetawanyika sakafuni.

*

Kabla ya hapo Mwandishi, kama tutakavyomwita, alikuwa ameandika vijitabu vya maelekezo ya friji, vile vinavyotupwa pamoja na boksi. Alichaguliwa kwa sababu hakuwahi kuchelewesha kazi. Kampuni ilimpa muhtasari wa nusu ukurasa: fundi wa lifti katika jengo kuukuu agundua kwamba lifti moja hupanda na kushuka miaka, ampenda opereta wa simu wa jengo hilo, wa zamani sana, wanapoteana na kutafutana katika nyakati mbalimbali. Picha zenyewe zilikuwa zimefungiwa chumba cha uhariri, na miswada ilikuwa imebadilishwa kila siku mbele ya kamera hadi haikufaa tena. Mambo yalivyotokea hasa, nani alisema nini na alivaa nini, yaliandikwa mahali pamoja tu, kwenye faili la Mama Vifungo. Na sheria ya kampuni ilikuwa nakala moja, ya mhariri, basi.

Mwandishi alimwomba nakala mara tatu. Mara ya tatu alimwomba akiwa amesimama kwenye mlango wa duka lile lile, vikombe viwili vya chai mkononi, anatabasamu kama mtu asiyejua kwamba anatabasamu. Mama Vifungo alikwenda kwenye mashine akatoa nakala ya pili. Aliitoa haraka haraka ili chai isipoe. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kufanya jambo haraka haraka.

Zikaanza simu. Mwanzo zilikuwa za kazi: gauni la opereta lilikuwa kitambaa gani, taa ya ukumbini iliwaka au ilififia. Kisha zikawa hazina sababu. Mwandishi alipiga saa sita, wakati wa chakula, akapiga tena saa kumi na moja kumsindikiza kwa maneno hadi kituoni. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kwa nini watu hubisha hodi mlango ukiwa wazi. Aliuliza kama mtu akirudi jana atajikuta na njaa ya jana au ya leo. Mama Vifungo, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya mkono wa kulia au wa kushoto, alijikuta anafikiria majibu akiwa anapiga mswaki.

“Unafanya nini?” aliulizwa siku moja.

“Nahesabu vifungo.”

“Vya nani?”

“Vya daktari wa tamthilia nyingine, onyesho la jana.”

“Ana raha yake huyo daktari.”

“Na wewe usijali. Shati lako la juzi lina vifungo saba, na cha tano kimelegea. Kishone kabla hakijadondoka.”

“Mpenzi,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza, “mimi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.”

Wala mimi, alitaka kumjibu. Kazi yake ilikuwa kutazama watu kuanzia kisigino hadi kipini cha nywele, na hakuna anayemtazama mtazamaji. Alimwambia tu ashone kifungo.

Mara nyingine Mwandishi alisifu hadithi yenyewe. Alisema amependa mno inavyofungua na yule bibi kizee kitandani, anamuaga kijana ambaye hata hamjui. Mama Vifungo akacheka kwa furaha, maana onyesho lile ndilo lililopigwa siku ya kwanza, na ukurasa ule ndio aliouandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote. Moyo ulishaingia mchezoni, na masikio yalikuwa yamepewa likizo. Nyumbani mama yake alishaanza kuuliza huyo wa mafriji ataletwa lini.

*

Miezi miwili baadaye mtayarishaji alimwita ofisini. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na ofisi nzima ilijua kwamba sauti hiyo ikizidi kupungua mambo yameharibika. Siku hiyo ilibidi Mama Vifungo ainame ili amsikie.

Mezani palikuwa na nakala ya majaribio ya riwaya. Mtayarishaji aliomba afungue ukurasa wa kwanza. Bibi kizee kitandani, kijana pembeni, kuagana. Ulikuwa mwisho wa tamthilia, siri iliyofichwa hata kwa waigizaji wengine, na sasa ulikuwa umekaa mwanzo wa kitabu kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa jikoni. Sura ya pili ilikuwa harusi. Ya tatu fundi alikuwa na kovu ambalo angelipata sura ya kumi na nane. Sura ya mwisho kabisa, fundi na opereta walikutana kwa mara ya kwanza ukumbini. Hadithi nzima ilikuwa imefuata siku za kupiga picha. Katika hadithi nyingine yoyote mwandishi angeshtuka mapema, lakini hii ilikuwa ya watu wanaopanda lifti kwenda jana, na kila kilichoonekana kimepinduka alikipokea akasema ndivyo safari za wakati zilivyo.

“Nani alimpa karatasi?” mtayarishaji aliuliza.

“Mimi.”

Mama Vifungo hakuwa na namna mbili za kusimulia kisa. Mtayarishaji alimwambia ana wiki nne, avipange upya vipande vya kitabu kama hadithi inavyotakiwa iende, aunge penye nyufa. Asipoweza, msimu wa pili faili litashikwa na mtu mwingine. Kazi hiyo ilikuwa maisha yake, na wote wawili walijua.

Alimpigia Mwandishi kwenye ngazi.

“Namba ziko kila ukurasa,” alimwambia. “Chini pembeni, kwa bluu. Hata kipofu angeziona.”

“Karatasi zangu hazina bluu.”

“Usinidanganye.”

“Hazina. Na nilikwambia inavyoanza. Nilikwambia kwenye simu, ukacheka.”

“Kwa nini hukuuliza? Wewe unauliza hata njaa ya jana.”

Mwandishi alikiri kwamba aliona aibu. Mtu wa mafriji angesimamaje kuuliza kama hadithi imekaa sawa, wakati kila mtu pale alionekana anaielewa? Angeishia hapo pengine yangepona. Lakini alikuwa ameumia, akaongeza, “Wewe ulikuwa unangoja tu nikosee ili uondoke. Kama ulivyomfanya yule wa gari.”

Mama Vifungo alikata simu. Hakuilaumu kumbukumbu yake, aliilaumu midomo iliyomsimulia huyu mtu habari za gari. Kesho yake mlinzi wa getini alimpa bahasha iliyoachwa kwa jina lake, nzito, na ndani bila shaka ni zile nakala. Aliandika tarehe juu ya bahasha, kwa mazoea, akaitupia kwenye droo. Simu za saa sita zikakoma. Kituoni alikwenda mwenyewe, na njia ile fupi ikawa ndefu.

*

Alivipanga vipande kwa namba za bluu kutoka faili lake halisi. Wiki tatu. Alipomaliza, kila kitu kilikuwa mahali pake: wanakutana, wanapendana, wanapoteana, wanazeeka, wanaagana. Akasoma kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho, na alipofika ya nne alijikuta anatazama dirishani. Hapakuwa na kosa hata moja, na hakuwa na hamu ya kujua kinachofuata. Alikijua.

Alidhani labda ameunga vibaya mahali. Ili kulinganisha alihitaji kurasa alizotumia Mwandishi, na ndipo alipoifungua bahasha.

Hapakuwa na bluu. Alizigeuza zote mia moja na arobaini, akaziinua dirishani. Pembe zote za chini zilikuwa nyeupe. Alishuka ngazi mbili mbili hadi dukani, akamwomba mwenye duka atoe nakala ya ukurasa mmoja mbele ya macho yake. Ukatoka na wino mweusi wote, pembeni patupu.

“Bluu hiyo mashine haiioni, dada,” mwenye duka alisema. “Si nilikuambia ile siku ya kwanza? Ukakaa pale ukaziandika upya kwa mkono.”

Kweli. Nakala ya mhariri aliziandika upya zote, mia moja na arobaini, hadi kidole kikauma. Nakala ya pili hakuziandika, kwa sababu ya vikombe viwili vya chai mlangoni. Mama Vifungo, anayekumbuka juisi nusu glasi, alikuwa amesahau. Na aliyekuwa anasema kweli alikatiwa simu. Alisimama kati ya wanafunzi akahisi aibu inampanda kutoka miguuni, polepole, bila kuruka hata goti.

Alirudi juu, akachukua nakala ya majaribio, akaisoma kama Mwandishi alivyoiandika. Bibi kizee anamuaga kijana asiyemjua. Kwa nini analia? Alikuwa anajua kwa nini, alikuwepo siku ile, alihesabu mito ya kitanda, na bado alitaka kujua. Alisoma hadi chakula kikasahaulika. Katika kila sura wapenzi walizidi kuwa vijana, walizidi kutojuana, na alizidi kuwahurumia kwa yote ambayo bado yalikuwa yanawangoja. Mwandishi alikuwa amefuata kila kitu kilichoandikwa katika faili, taa, glasi, kovu, bila kuharibu hata kimoja.

Sura ya mwisho ilikuwa ukumbini. Opereta anadondosha orodha za namba za simu, fundi anachuchumaa kuziokota, anamuuliza zinaanzia namba ngapi. Mama Vifungo alitabasamu kwa uchungu, maana maneno hayo hayakuwa ya tamthilia. Kisha akafika aya ya mwisho. Fundi anaona blauzi ya opereta ina vifungo vitano vyeupe na kimoja cha rangi ya maziwa, cha pili kutoka juu, kilichoshonwa kwa uzi usiofanana, na anajiuliza ni nani huyu anayejishonea mwenyewe na kudhani hakuna atakayeona.

Lilikuwa kosa. Opereta alikuwa na vifungo sita vyeupe, siku ya arobaini na moja, aliviandika mwenyewe. Alilitazama kosa hilo kwa muda mrefu. Akaenda nyumbani mapema, akafungua kabati, akaitoa blauzi ya kijani. Kimoja kilipotea mwaka jana, akashona alichokipata. Cha pili kutoka juu. Aliketi kitandani na blauzi mapajani, akalia. Mama yake alichungulia mlangoni, akaona blauzi, akauliza kama imeungua pasi.

*

Asubuhi aliweka vitabu viwili juu ya meza ya mtayarishaji, kilichopangwa sawa na kilichopinduka, akamwomba asome kurasa kumi za kila kimoja. Alieleza habari za bluu, kosa la nani, bila kupunguza. Mtayarishaji alisoma kile kilichopangwa akafika kumi akakiweka. Akachukua cha pili. Alipofika kumi hakukiweka.

“Huyu bibi anamjuaje huyu kijana?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Wewe ndiye uliyeandika mwisho huo, mama.”

“Najua. Nauliza tu.” Akageuza ukurasa wa kumi na moja.

Mama Vifungo alimweleza alichokiona. Atakayesoma kitabu atajua mwisho, lakini atawasha televisheni kutaka kujua walifikaje pale. Atakayetazama televisheni atataka kitabu ili awaone wakikutana tena. Mtayarishaji alisikiliza, kisha akatoa uamuzi wake. Kitabu kitachapishwa kama kilivyo. Lakini karatasi zilitoka nje, na sheria ni sheria. Msimu wa pili faili litashikwa na mwingine, na yeye atahamia chumba cha uhariri, kulala na kuamka na picha za wengine.

Alishukuru, akatoka. Alikuwa ameipoteza kazi aliyoipenda, na hakutaka kujidanganya kwamba haikuuma. Kisha akapiga simu.

“Kuna kosa ukurasa wa mwisho,” alisema. “Njoo dukani saa saba.”

Alikuja. Duka lilikuwa limefurika kama kawaida, mashine moja ikikohoa. Shati lilikuwa lile lile la vifungo saba, na cha tano kilikuwa kimeshonwa, vibaya, kwa uzi wa kijani. Mama Vifungo alikuwa amefungua nakala ya majaribio kwenye ukurasa wenyewe na kidole amekiweka juu ya mstari.

“Opereta ana vifungo sita vyeupe. Nimeviandika. Wewe umeandika vitano.”

“Najua.”

“Ni kosa.”

“Si kosa,” Mwandishi alisema. “Nilikuwepo.”

Mama Vifungo alikuwa amevaa blauzi ya kijani. Hakujua aweke wapi mikono, akaishia kuishika kaunta. Alimwambia habari za mashine isiyoona bluu. Alimwambia kwamba alisema kweli na yeye hakumsikiliza, wala siku ile ya kucheka hakumsikiliza, na kwamba anaomba msamaha. Alimwambia pia kuhusu faili, na Mwandishi akafumba macho, akasema samahani mpenzi, mara mbili, na kuhusu kumtaja yule wa gari akasema yeye mwenyewe alistahili kofi. Mzee mmoja nyuma yao aliuliza kama wao wako kwenye foleni au hawapo.

“Tupo,” Mwandishi alijibu. Kisha kwa Mama Vifungo, taratibu, “Tuanzie wapi sasa?”

“Mama anauliza utaletwa lini nyumbani.”

“Nikifika niseme nini?”

“Sema umekuja kunioa. Tulikutana wapi, nani alikosea, hayo utamsimulia baadaye.”

“Nianzie mwisho?”

“Anzia mwisho,” alisema Mama Vifungo. “Huko kwingine nitakukumbusha.”